Ameshakula chumvi nyingi, mwache alale

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini, katika kituo cha afya kimoja hapa Mwanza. Nasoma safu yako tangu nikiwa chuoni, na kwa kuwa nawe ulikuwa nesi wa wodini, nimeona nikuandikie wewe kuliko kumweleza mtu wa hapa kazini.

Mwezi uliopita tulimpokea mzee wa miaka 78, mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe, kaletwa na mwanawe. Alikuwa na homa ya mapafu. Siku aliyofika alishuka kwenye bajaji mwenyewe, akaingia wodini na fimbo yake. Jioni akaniuliza choo kiko wapi, akaenda, akarudi. Kesho yake nilipoingia zamu nikamkuta amevalishwa pampas. Nilipouliza nikaambiwa sakafu ya chooni ina maji, mzee akianguka tutaulizwa sisi. Usiku alikuwa hapati usingizi, anakaa tu kitandani akitazama dirishani, basi akaandikiwa diazepam. Kuanzia hapo asubuhi inamkuta hajitambui vizuri, uji unaletwa na unapoa mbele yake. Akaanza kulowesha shuka, akawekewa mpira wa mkojo.

Daktari akipita raundi anamuuliza mtoto wake, "Jana alikula?" na mzee yuko macho, anasikia. Wenzangu nao wanamsemesha kama mtoto wa chekechea: "Haya babu, fungua mdomo, kijiko kimoja tu, mtoto mzuri." Mwisho mzee akaacha kujibu mtu yeyote.

Siku moja nilimkalisha pembeni ya kitanda, nikamwambia tujaribu kusimama. Inchaji akaingia wakati huo huo, akanigombeza mbele ya ndugu wa wagonjwa: "Huyu ameshakula chumvi nyingi, mwache alale apumzike. Unamsumbua ili iweje?" Nilinyamaza. Ni mkubwa wangu, na ni mama ninayemheshimu, mengi amenifundisha yeye.

Homa ya mapafu ilipona, Shangazi. Kifua kilikuwa safi. Lakini mzee aliyeingia na fimbo alitoka amebebwa mgongoni na mwanawe.

Sasa tuna bibi kutoka upande wa Magu, kaletwa na mjukuu wake. Ana presha, hataki kula, macho yake ni mekundu. Mchana anasinzia, usiku anaongea peke yake kwa Kisukuma na kuita watu ambao hawapo. Mama mmoja anayeuguza kitanda cha jirani ameomba ahamishwe. Wewe ni mtu wa huku, unajua wananong'ona nini. Mjukuu anawasikia. Na kwenye faili, mahali pa maelezo, kumeandikwa "uzee".

Naomba unijibu mambo matatu. Je, ni kweli ninawasumbua wagonjwa? Nifanye nini bila kugombana na inchaji, nikizingatia kwamba usiku niko peke yangu? Na mtoto wa yule mzee wa Ukerewe ananipigia simu, anasema baba yake bado hasimami, anauliza amrudishe hospitali au ndiyo amekwisha. Nimwambie nini?

Nesi wa Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na bibi, maana yeye hawezi kungoja.

Nenda kwa mjukuu, mwite pembeni, umuulize swali moja: wiki mbili zilizopita bibi yako alikuwa hivi? Akikujibu kwamba alikuwa anapika, anapalilia, anajua kuku wake wako wangapi, na haya ya kuita watu yameanza juzi, basi una mgonjwa mahututi mkononi na si suala la umri. Uzee hauingii kwa siku tatu. Mtu anayebadilika ghafla, mchana anazama usingizini na usiku anaweweseka, hawezi kufuata mazungumzo hadi mwisho, huyo ubongo wake unalia kwa sababu ya kitu kingine mwilini, na kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho.

Kitafute kwa mpangilio. Kwa watu wa umri wake maambukizi huweza kuja bila homa kabisa, kwa hiyo kipimajoto kisikudanganye. Sikiliza mapafu, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima, pima sukari, pima malaria, maana huku Kanda ya Ziwa hakuna sababu ya kuiacha malaria nje ya orodha. Angalia ulimi kama umekauka. Papasa tumbo chini ya kitovu, kibofu kilichojaa peke yake kinatosha kumchanganya mtu. Uliza mara ya mwisho alipata choo lini. Uliza dawa zote, za presha, za maumivu zilizonunuliwa dukani, na za miti shamba. Mwangalie anapoguswa nyonga na mgongo, huenda anaumwa na hana wa kumwambia.

Kisha mwite tabibu au daktari wa zamu, na usimwambie "bibi anasumbua". Mwambie: amebadilika ghafla tangu siku fulani, mchana anasinzia, usiku anaongea na wasiokuwepo, presha ni hii, sukari ni hii, hajapata choo tangu siku fulani. Ukisema hivyo atakuja. Ukisema anasumbua ataagiza dawa ya kumlaza, na dawa hiyo itamzidishia.

Jambo jingine, mtafutie mtu wa kuongea naye Kisukuma. Wodini Mwanza humkosi, hata kama ni dada wa usafi. Nimeona mara nyingi bibi akiandikwa kwamba amechanganyikiwa, kumbe aliulizwa kwa Kiswahili cha haraka leo ni tarehe ngapi, na yeye hajawahi kuishi kwa tarehe. Muulize shambani kwake wamefikia kupalilia au kuvuna, muulize mjukuu huyu ni mtoto wa nani. Hapo ndipo utajua akili iko wapi.

Na macho. Mwanangu, hili nalisema bila kuzunguka kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Hapa kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na wengi wao kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe tangu akiwa msichana, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, yatakuwaje kama si mekundu? Moshi unayachoma kila siku kwa miaka sitini. Wengine wana vikope, kope zinageuka ndani na kukwaruza jicho. Haya yana matibabu. Lakini mnong'ono wa wodini hauishii wodini, unapanda basi na mgonjwa hadi kijijini kwake, na huko unaweza kumuua mtu ambaye sisi tumemponya presha.

Kwa hiyo usinong'one nawe, sema kwa sauti. Wakati unamsafisha macho kwa maji safi na pamba, waeleze walioko karibu kana kwamba unamweleza mjukuu: macho ya bibi yameumizwa na moshi wa jikoni, tunamwandikia dawa, na hizi kelele za usiku zinaletwa na ugonjwa tulioukuta, zitapungua akipata dawa na maji. Mama wa kitanda cha jirani atasikia. Mjukuu naye atapata maneno ya kwenda kuwajibu watu nyumbani, na nakuomba umhakikishe anayo kabla hajaruhusiwa. Hakuna sindano utakayomchoma bibi huyo yenye faida kuliko hiyo.

Ukimaliza, mwombe daktari aliondoe neno "uzee" kwenye faili na kuandika kilichopatikana. Umri tayari umeandikwa juu kabisa ya karatasi.

Sasa nije kwa mzee wako wa Ukerewe. Umeniuliza kama unawasumbua wagonjwa. Hapana. Ulichokuwa unakifanya ulipomkalisha pembeni ya kitanda ni uuguzi wenyewe.

Nitazame nawe alivyopotea. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku. Giza likiingia na mwezi haupo, anawasha taa na kuingia ziwani, anarudi alfajiri. Mtu aliyeishi hivyo tangu ujana anakesha saa nane za usiku akitazama dirishani kwa sababu mwili wake umezoea kuwa kazini saa hizo. Hakuwa mgonjwa wa usingizi. Akapewa diazepam, dawa ambayo katika mwili wa mzee hukaa siku nyingi kabla ya kutoka, kwa hiyo kidonge cha pili kinamkuta na cha kwanza. Madaktari wa Marekani wana orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee, ilianzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, na dawa za jamii hiyo zimo, kwa sababu huangusha watu na kuwachanganya. Basi asubuhi hajitambui, hali, hanywi. Hanyanyuki, kwa hiyo analowesha. Analowesha, kwa hiyo anawekewa mpira. Na mpira wa mkojo kila siku unayokaa unazidisha nafasi ya maambukizi, tena unamfunga mtu kitandani kuliko kamba. Homa ya mapafu ilikuwa inapona wakati sisi tunamlemaza.

Kitanda nacho kina sumu yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema kabisa, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hao walikuwa wazima na wanakula vizuri. Mzee mwenye homa ya mapafu, ambaye uji wake unapoa, atabaki na nini?

Lakini kinachozuilika kimeshaonyeshwa pia. Sharon Inouye na wenzake, huko New Haven, Marekani, mwaka 1999 walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliolazwa hospitali. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mambo ambayo ukiyasoma utashangaa yalivyo madogo: kukumbushwa wako wapi na leo kuna nini, kutembezwa kila siku, kuvalishwa miwani yao, kusaidiwa kusikia, kunyweshwa maji, na usiku badala ya kidonge wakapewa kinywaji cha moto, wakakandwa mgongo na kupunguziwa kelele. Waliochanganyikiwa ghafla walikuwa asilimia 15 kwa huduma ya kawaida, na asilimia 9.9 kwa hawa wengine. Hakuna mashine hapo. Yote hayo yako ndani ya uwezo wa nesi mwenye thermosi ya chai na mikono miwili.

Na kwa wanaosema ameshakula chumvi nyingi: mwaka 1990, Boston, daktari Maria Fiatarone aliwachukua wazee 10 wa nyumba ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, akawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya miaka 90 bado inajibu ikiombwa.

Tuje kwa inchaji wako. Usimchukulie kuwa adui. Sikiliza ulichoambiwa wodini mwanzo kabisa: akianguka tutaulizwa sisi. Huo ni woga, na una msingi, maana mgonjwa akianguka jina la inchaji ndilo litakaloandikwa. Hakuna atakayemuuliza kwa nini mzee aliyekuja na fimbo amebebwa mgongoni, kwa sababu hilo halijaandikwa popote. Hapo ndipo pa kuanzia. Ukimpokea mzee yeyote, kabla hujamwonyesha kitanda, andika kwenye faili mambo sita kama yalivyokuwa kabla hajaugua: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kunyanyuka kitandani na kukaa kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Anafanya mwenyewe au anasaidiwa? Kipimo hicho kinatumika tangu mwaka 1963, alikianzisha daktari Sidney Katz, na kinachukua muda wa kumpima mtu presha. Kisha kwenye kupokezana zamu uyasome. "Mzee wa kitanda cha nne, aliingia anakwenda chooni mwenyewe, leo hawezi." Ukisoma sentensi hiyo asubuhi mbili mfululizo mbele ya wote, hutahitaji kubishana na mtu.

Mwendee faraghani, zamu ikiwa imetulia. Msalimie, mwambie unaomba akuongoze. Usimkumbushe alivyokugombeza. Mweleze kwamba unaogopa kuanguka kwa wagonjwa kama yeye, na ungependa kujaribu kwa mgonjwa mmoja, naye akiwepo. Kisha mwonyeshe jinsi utakavyofanya: utampima presha akiwa amelala, umsimamishe, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hatembei siku hiyo, mnamkalisha na kumwita daktari aangalie dawa na maji. Isiposhuka, anatembea na watu wawili, wewe na ndugu yake, kiti kikiwa nyuma yake hatua chache. Ndala zilizolegea zinavuliwa, avae viatu vinavyoshika mguu. Sakafu ya choo inakaushwa kwanza, na kuhusu maji ya chooni piganeni wote pamoja kwa uongozi hadi parekebishwe, kwa kuwa maji hayo yanawangojea wajawazito na wauguzi vilevile.

Pampas ina mahali pake. Yupo anayeihitaji kweli na inamsitiri. Kumvalisha mtu anayejua choo kiko wapi ni kumwambia mwili wake hauaminiki tena, naye ataamini. Jambo hili linaniuma kuliko yote uliyoandika. Mzee aliyelea watoto, aliyezika wazazi, anayeheshimiwa na kijiji kizima, anaamriwa na binti wa umri wa mjukuu wake ajisaidie kitandani kwa sababu kumsindikiza kunachukua dakika kumi. Kama ni dakika zinakosekana, tuseme zinakosekana, na tuzitafute.

Usiku ukiwa peke yako, huwezi kufanya kila kitu na sitakudanganya. Chagua. Kabla ya saa nne usiku pita kwa wazee wote, uulize nani anataka choo, na wapeleke wakati ndugu bado wapo au walinzi wako karibu. Hiyo pekee itakupunguzia shuka za saa tisa. Acha taa moja ndogo njia ya chooni. Anayekesha mpe chai ya maziwa au uji wa moto, mkalishe, muulize habari za kwake. Mgeuze asiyeweza kujigeuza, na usipoteze muda kumpaka mafuta na kumsugua pale palipokuwa pekundu, kwani Doreen Norton, nesi wa Uingereza, alishaonyesha mwaka 1962 kwamba kinachozuia vidonda vya kulalia ni kumgeuza kwa saa zake. Na ndugu wanaolala sakafuni wakingoja wafundishe. Wanatamani sana kupewa kazi. Wanakaa na mikono mapajani kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kumkalisha baba yao wakati wa kula kunamsaidia kupumua, na kwamba kijiko akishike yeye hata kama uji utamwagika.

Kuhusu kusemeshwa kama mtoto, wenzako hawana nia mbaya, wanadhani ni upendo. Muuguzi mtafiti wa Marekani, Kristine Williams, alichunguza jambo hili kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, akakuta wanaposemeshwa kitoto ndipo wanapokataa zaidi kuhudumiwa. Mzee wako aliyeacha kujibu alikuwa anakataa kwa njia iliyobaki. Usiwahutubie wenzako. Wewe fanya kwako: msalimie mzee shikamoo kabla ya kumgusa, muulize anapenda aitweje, mwambie unachotaka kumfanyia, na subiri jibu, hata kama linachelewa. Daktari akiuliza ndugu, wewe mgeukie mgonjwa na kusema, "Mzee, daktari anauliza jana ulikula?" Daktari naye atamgeukia. Nimeona inavyofanya kazi, bila mtu kuaibishwa.

Haya si ya adabu tu. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia kwa miaka mingi watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, waliokuwa na miaka 50 na kuendelea. Waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona kama mwisho wa kila kitu. Mawazo hayo watu hawazaliwi nayo, wanayapata kwa kusikia. Mzee anayelala wodini kwetu anasikia maneno yetu mchana kutwa.

Sasa simu ya mtoto wa mzee. Mwambie hajaisha, lakini asingoje. Kwanza amuulize baba yake mwenyewe, kwa simu ikiwezekana ongea naye wewe, kama anaumwa mahali. Maumivu ya nyonga au goti, uvimbe wa mguu mmoja, kifua kurudi kubana, mguu au mkono upande mmoja kukosa nguvu, mkojo kutoka kwa shida au kuuma baada ya ule mpira, kuchanganyikiwa, lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali leo leo, boti ya kwanza. Uliza pia kama waliondoka na diazepam. Kama bado anaitumia tangu wakati ule, asiikate ghafla, amwone daktari aipunguze kidogo kidogo.

Kama hana dalili hizo, mguu unarudishwa. Kigoda kiwekwe kando, ni kifupi mno kwake. Atafutiwe kiti kigumu chenye mikono, kiegemezwe ukutani. Anyanyuke na kukaa, mwanawe akiwa mbele yake, mara chache tu mwanzoni, asubuhi, mchana na jioni. Akiweza, waongeze taratibu. Baadaye ashike meza na kusimama kwa vidole vya miguu, kisha atembee hadi mlangoni, kisha hadi mtini. Ikiwa kunyanyuka kunashindikana hata kwa msaada wa watu wawili, aletwe kwa wataalamu wa mazoezi tiba, Bugando wapo.

Ale. Ugali kwa mchuzi haujengi nyama ya mguu. Mzee wa kilo 60 anahitaji walau gramu 60 za protini kwa siku, tena anayetoka kuugua anahitaji zaidi, na huyu ni mvuvi, chakula chake kiko mlangoni. Dagaa, sato, mayai, maharage, karanga, maziwa. Kama meno yamekwisha, dagaa wakaushwe vizuri, watolewe mchanga, wasagwe unga na kuchanganywa kwenye uji na mboga. Maji anywe hata kama hasikii kiu, kiu hupungua na umri.

Na apewe nyavu zake. Mwambie mwanawe amletee zile zilizochanika, na sindano na uzi, akae kivulini azishone, vijana wakae naye wajifunze. Vidole vitafanya kazi, mgongo utakaa wima, na watu watakuja kumuuliza mambo ya ziwa badala ya kumuuliza kama amekula. Akitaka kukesha, akeshe. Usingizi wa mchana baada ya hapo usihesabiwe kuwa ni ugonjwa.

Kuhusu gharama, mtoto asikate tamaa kabla ya kuuliza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii aulizie utaratibu wa kitambulisho. Vituo vingi vina dirisha la wazee au kibao cha kuwapisha, na wewe ukiwa zamu hakikisha kibao hicho kinafuatwa.

Bibi mpime leo, kabla zamu yako haijaisha. Ukishazungumza na inchaji, niandikie alivyokujibu. Akikataa kabisa, tutatafuta njia nyingine pamoja, na barua hiyo sitaiweka gazetini bila ruhusa yako.

Shangazi